Nifuate moyo ama nifuate karatasi?

Binti mmoja wa Walukuba, kule Jinja, kaniandikia ujumbe mrefu, nimeusoma mara tatu kabla sijaanza kumjibu. Naufupisha. Ana miaka 20, kamaliza S6, yaani kidato cha sita, pointi zimetosha, na chuo kimoja cha uuguzi kimempa nafasi ya diploma, miaka mitatu, kinafungua Novemba. Karo atalipa kaka yake ambaye yuko Doha, analinda jengo. Baba mzee anasema uuguzi ndo kazi, wagonjwa hawaishi duniani. Sa yeye mwenyewe roho yake iko kwenye cherehani. Bibi yake alimwachia Singer ya kukanyaga, anashonea hapo barazani, gomesi (lile gauni la akina mama wa Uganda la sherehe), kanzu na kurekebisha nguo za watu, mwezi ukiwa mzuri anaingiza kama 250,000. Mwisho anauliza: "Hajati, nifuate moyo ama nifuate karatasi? Nikienda uuguzi si nitakuwa nimejisaliti?"

Wa aleikum salaam mwanangu. Kwanza hilo neno kujisaliti liweke pembeni, una miaka 20, bado hujawa na nafsi ya kusaliti, ndo kwanza unaijenga. Mi nimekaa na vijana kwenye hii shughuli ya kuchagua kazi zaidi ya miaka 20 sasa, na pia nimekaa upande wa pili wa meza, ule wa kuajiri, na nakuambia hilo swali la moyo na karatasi naletewa kila mwaka matokeo ya S6 yakitoka, na karibu kila mara linakuwa limekaa vibaya. Linakaa kama vile kuna njia panda, huku kuna furaha na njaa, huku kuna mshahara na huzuni. Sijawahi kuiona hiyo njia panda. Nimeona watu wenye njaa na huzuni pamoja, na nimeona walioshiba wakicheka.

Tuanze na baba yako, manake nyie vijana mnamwona kama ukuta. Umeniambia babu yako alikuja Jinja kufanya kazi kiwanda cha nguo na ndo akapewa nyumba Walukuba, na baba naye akaingia kiwandani mpaka walipopunguzwa. Sasa fikiria mwenyewe hiyo Walukuba ilijengwa kwa nini. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme ukawepo, viwanda vikaja: Nytil ya nguo, kiyeyusho cha shaba iliyokuwa inaletwa na treni kutoka migodi ya Kilembe, chuma na vingine. Watu walitoka kila kona, Wajaluo, Walugbara, Wasamia, Wagisu, Wanubi, na ndo maana mpaka leo nyie wa Walukuba mnaongea Kiswahili bila kutafuta neno. Hiyo ndo ilikuwa kazi ya uhakika ya wakati ule. King'ora kinalia, unaingia, mwisho wa mwezi unapewa bahasha. Halafu 1972 Amin akafukuza Waasia, waliokuwa wanaendesha sehemu kubwa ya biashara na viwanda, na miaka iliyofuata mashine zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Kwa hiyo baba yako akisema "kazi ya uhakika" anaongea na kidonda. Anajua familia inavyokuwa siku bahasha haijaja. Msikilize hapo, ila pia umwonyeshe kwa adabu kwamba uhakika aliokuwa nao babu haukuwa uhakika, ulikuwa bahati iliyodumu miaka kadhaa.

Na si zamani tu. 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii hadi milioni 4 kwa mwezi, wenzao wa sanaa wenye digrii ileile, shule ileile, chumba cha walimu kilekile, wakabaki kwenye milioni moja na kidogo, wakagoma wiki kadhaa na bado wakarudi darasani hivohivo. Mwalimu wa historia hakufanya kosa lolote pale, ila kozi yake "ya maana" iligeuka kuwa ya wasiwasi kwa uamuzi wa ofisini. 2023 madaktari waliomaliza chuo walikaa nyumbani miezi mingi wanasubiri kupangiwa intaniship, yale mafunzo ya kazi hospitalini, madaktari mwanangu, ile kazi ambayo kila mzazi hapa Uganda anaiota, mpaka wakaingia barabarani kuandamana. Sikwambii hivi ili uogope hospitali. Nataka tu uone kwamba "kazi ya uhakika" si chumba chenye paa la saruji.

Mi mwenyewe nilikuwa karani wa benki. Mama yangu alilia kwa furaha siku nimepata ile kazi. Nilihesabu noti za watu miaka minane, nilikuwa na sketi tatu za bluu na kiatu cha kisigino, na asubuhi moja mwishoni mwa miaka ya 1990 tukafika tukakuta mnyororo kwenye geti na polisi wawili wamekaa kwenye ngazi. Benki imefungwa. Kikombe changu cha chai kilibaki ndani, sijakiona mpaka leo. Kilichonilisha mwaka ule ni tuisheni ya hesabu niliyokuwa nawafundisha watoto wa jirani jioni bure kabisa, kwa sababu tu napenda kuona mtu akielewa kitu. Nikaanza kutoza. Hiyo habari tutairudia.

Sasa tuje kwako. Kuna hawa watu wa mitandaoni wanaokuambia fuata ndoto yako na pesa zitakufuata. Banange. Pesa hazimfuati mtu, pesa zinahesabiwa. Umeniandikia vizuri bei zako, hongera, wengi hawajui hata wanatoza ngapi, basi acha tuzipige pamoja. Mwezi mzuri: gomesi nne, mteja analeta kitambaa, unatoza 40,000 ya ufundi, hiyo 160,000. Kanzu tatu kwa 20,000, hiyo 60,000. Marekebisho madogomadogo 30,000. Jumla 250,000, sawa. Toa uzi, vifungo na kanvasi ya mabegani, umesema kama 35,000. Toa mkaa wa pasi 15,000. Toa boda za kwenda mjini na kurudi kutafuta vifaa, 24,000. Unabaki na 176,000. Na hapo unakaa kwa baba, baraza ni ya baba, chakula ni cha baba. Siku ukisema sasa mi ni fundi kamili nakodisha hata nusu ya kibanda kwa 80,000, umebaki na 96,000. Hiyo ni kwa mwezi mzuri, na hujaniambia wale waliochukua nguo wakasema "nitakutumia kwa mobile mani jioni" jioni ikawa miezi mitatu, nina hakika wapo.

Lakini angalia kitu kingine ndani ya hesabu hiyohiyo, na hapa ndo huwa nafurahia hii kazi yangu. Gomesi moja inakuchukua siku mbili, kwa hiyo nne ni siku nane. Kanzu zote tatu, siku tatu. Marekebisho tuseme siku tatu nyingine. Siku 14. Mwezi una siku 26 za kazi. Yaani karibu nusu ya mwezi ile Singer imekaa imefunikwa kitambaa. Tatizo lako si kwamba kushona hakulipi, na si kwamba mkono wako ni mzito. Tatizo ni wateja, na wateja wako ni akina mama wa mtaani kwako ambao wanashona gomesi pale tu kuna kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba, ama harusi. Kwa hiyo ukiacha shule kesho ukakaa kwenye mashine muda wote, utakuwa umeongeza muda ambao hukuukosa. Hebu soma hiyo sentensi tena. Vijana wengi wanaacha kitu ili wapate muda wa kile wanachopenda, wakati muda walikuwa nao, walichokosa ni mtu wa kununua.

Haya, sasa mapenzi. Nikikutana na kijana ananiambia anapenda kitu huwa namuuliza sehemu yake mbaya, manake sehemu tamu kila mtu anaipenda. Anayependa muziki namuuliza kuhusu kubeba spika saa tisa usiku. Anayependa mpira namuuliza kuhusu kukaa benchi. Wewe sikukuuliza, umejiambia mwenyewe. Umeandika kwamba bega la gomesi likikaa upande unafumua lote usiku, hata kama mteja hajaona, na kwamba kufumua "kunanituliza". Mwanangu, hapo nikaweka simu chini nikacheka peke yangu. Bega la gomesi ni balaa, lile bega lililochongoka lazima mawili yalingane, kanvasi ikizidi kidogo upande mmoja mama anaonekana kama ndege aliyevunjika bawa, na vile vifungo viwili vya kushoto vikikaa vibaya shingo yote ya mraba inavutika. Mafundi wengi wa sokoni wanaacha hivohivo wanapiga pasi kwa nguvu. Mtu anayefumua kwa raha yake, huyo hapendi sifa, anapenda kazi. Ni wachache. Kwa hiyo hilo nimelikubali, unapenda kushona, sikubishii.

(Na tukiwa hapo kwenye gomesi, si unajua jina limetoka wapi, inasimuliwa ni fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes, alishonea wasichana wa shule ya Gayaza huko mwanzo wa miaka ya 1900, na ndo maana wazee wengine wanaiita bodingi, kwa sababu ya shule ya bweni. Fundi cherehani kaacha jina lake kwenye mwili wa kila bi harusi wa Buganda na Busoga. Mwambie baba hiyo siku akiwa na furaha.)

Ila kuna kitu kingine kwenye ujumbe wako ambacho sidhani hata umekiona. Mistari kuhusu kushona ni kama sita hivi. Halafu ukaniambia, kama vile unapita tu, kwamba bibi aliugua sukari akawa na kidonda mguuni, na ni wewe uliyekuwa unakisafisha miezi saba. Hapo umeandika mistari kumi na moja, nimehesabu. Umeniambia maji yalivyokuwa lazima yachemke na yapoe, umeniambia jinsi ulivyojifunza kutoa bandeji taratibu kwa kuilowesha kwanza ili isivute ngozi, umeniambia rangi ya kidonda kikianza kupona na harufu yake kikianza kuharibika, na kwamba shangazi zako walikuwa wanatoka nje. Wewe hukutoka. Halafu chini kidogo unaniambia uuguzi ni "ndoto ya baba". Hapana mama, sehemu ya hiyo ndoto ni ya kwako, ila kwa kuwa baba ndo aliitamka kwanza umeiona kama ya kwake. Nimeliona hili mara nyingi, kijana anakataa kitu si kwa sababu hakipendi, anakataa kwa sababu kimesemwa na mzee.

Na mimi naona ni mkono uleule. Mkono unaofumua bega usiku na mkono unaolowesha bandeji ni mkono mmoja, wa mtu asiyevumilia kitu kukaa ovyo.

Sa kwa nini watu wanakuambia lazima uache kimoja? Angalia hawa wakimbiaji wetu. Akii-Bua aliyeleta dhahabu ya kwanza ya Olimpiki Uganda, Munich 1972, mita 400 kuruka viunzi, alikuwa polisi. Kiprotich aliyeshinda marathoni London 2012 alikuwa askari magereza. Joshua Cheptegei, yule wa mita 10,000, ni polisi. Wote hao moyo wao ulikuwa kwenye mbio na karatasi yao ya mshahara ilitoka mahali pengine. Lakini usiishie kusema "basi unaweza kufanya vyote viwili", hiyo ni rahisi mno. Angalia ni kazi gani. Polisi na Magereza wana timu zao, wanaajiri wakimbiaji, wanawapa muda wa mazoezi. Mtu akiwa konda wa taksi ya Jinja Kampala kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku hawezi kuwa Kiprotich hata awe na miguu ya swala. Kwa hiyo ukichagua kazi ya kukulisha usiangalie mshahara peke yake, angalia inakuachia saa ngapi na inakuachia nguvu gani. Uuguzi una zamu. Zamu ya usiku inachosha kweli, ila inaacha mchana na siku za mapumziko zinazofuatana. Mtu wa benki hana hiyo. Mimi nilikuwa natoka saa kumi na mbili jioni kichwa kimejaa namba, singeweza kushona hata kifungo.

Basi ushauri wangu, bila kuzunguka: nenda Novemba.

Sababu ya kwanza ni ya milango. Mlango mmoja unafungwa, mwingine haufungwi. Nafasi ya chuo ni ya mwaka huu, pointi ni za mwaka huu, kaka ana pesa mwaka huu na bado hajaoa. Cherehani haina umri, wala haiulizi ulimaliza mwaka gani. Nimewaona wanawake walioanza kushona kwa kulipwa wana miaka 45. Mwanafunzi wa diploma ya uuguzi wa miaka 45 mwenye watoto wanne na karo ya kujilipia mwenyewe ni mmoja tu nimemwona, na aliteseka.

Sababu ya pili hutaipenda. Mkataba wa kaka. Umesema ni wa miaka miwili na ameshamaliza miezi minne. Kozi yako ni miaka mitatu. Umepiga hiyo hesabu? Ukianza Novemba, mkataba utaisha ukiwa katikati ya mwaka wa pili hivi, na hapo ama wamuongezee ama asiongezewe, ama achoke arudi, ama apate mchumba, na ana haki zote hizo, si mashine ya pesa yule ni mtoto wa mtu analinda jengo kwenye joto. Nimewaona wanafunzi wengi wanaoacha chuo mwaka wa mwisho, na mara nyingi si kwa kufeli, ni kwa sababu mtu wa kyeyo, yule aliyekuwa anafanya kibarua nje na kutuma pesa, alirudi. Kwa hiyo mwaka wa tatu wa uuguzi nani ataulipa? Ni ile Singer. Kama kuna kitu kimoja nataka ubaki nacho kwenye maneno yangu yote haya ni hicho, wewe unadhani uuguzi utakuja kuokoa kushona, mi naona kushona ndo kutaokoa uuguzi. Kama ile tuisheni yangu ya bure.

Pia ulizia ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, imeanza kutoa mikopo 2014 na inaangalia sana kozi za sayansi, ila si kila chuo kiko kwenye orodha yao kwa hiyo uliza kabla, usisubiri mpaka mambo yaharibike. Na ni mkopo, unarudishwa, usiuchukue ukanunulia simu.

Kati ya sasa na Novemba una miezi michache, usiikalie. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, hata Health Centre III, tafuta muuguzi yeyote wa kike mwenye umri wa mama yako, msalimie vizuri, mwambie unaingia chuo na unaomba kukaa naye anapopumzika umuulize mambo. Usimuulize "kazi iko vipi", atakuambia nzuri tu. Muulize usiku wa jana ulikuwaje. Muulize glavu zikiisha wanafanyaje. Muulize mgonjwa aliyeletwa bila ndugu wa kumpikia wala shuka, nani anamhudumia. Muulize alikaa muda gani kabla hajapata kazi ya serikali, manake hiyo ni kitu vijana hawaambiwi, ukimaliza unasajiliwa na baraza la wauguzi halafu unaanza kusubiri wilaya itangaze nafasi, na zikitangazwa chache mnakuja wengi, na wakati huo wengi wanafanya kazi kliniki za watu binafsi kwa pesa ambayo ukiambiwa utashtuka, kuna niliowaona wanalipwa karibu sawa na hiyo yako ya gomesi. Sikufichi. Miaka yako miwili ya kwanza baada ya chuo inaweza kuwa migumu kuliko ya chuoni, na hapo tena Singer.

Upande wa kushona, miezi hii jaribu kitu kimoja tu: uza kwa watu wasiokujua. Si majirani. Jirani anakununulia kwa sababu alimjua bibi. Shona kanzu tano za watoto, zenye ule urembo mwekundu wa kifuani, wiki mbili kabla ya sherehe yoyote, zipeleke soko la Jinja kwa mtu mwenye meza, mwachie auze mgawane. Utajua bei yako halisi pale, si ile ya mapenzi ya mtaa. Na nunua kidaftari cha 1,000, kila shilingi iandike, na ya boda pia, na chai ya mteja pia. Wanaokopa waandike jina, tarehe na uwaonyeshe unavyoandika, utashangaa wanavyolipa.

Ukishaingia chuo achana na gomesi kabisa, usiniulize kwa nini, hutakuwa na siku mbili zinazofuatana. Wewe angalia yunifomu. Darasa la uuguzi lina wasichana hata 60 ama 80, wote wamepewa yunifomu zilizoshonwa kwa mkupuo, na nakuhakikishia nusu yao zinawapwaya kwapani na kiunoni kwa sababu fundi alishona saizi tatu tu akamaliza. Kupunguza pembeni na kupandisha pindo ni kazi ya nusu saa. Toza 5,000. Hao ni wateja wasioisha, wako ukanda mmoja na kitanda chako, na kila mwaka wanaingia wapya. Muombe kwanza ruhusa mama mlezi wa hosteli, na yunifomu yake yeye urekebishe bure.

Sasa umeniuliza pia, kwa mafumbo kidogo, itakuwaje ukifika wodini ukachukia. Hapa nitakuwa mkali. Mtu aliyechukia uuguzi akabaki kwa ajili ya mshahara, anayelipa si yeye peke yake, ni mgonjwa. Wote tumewahi kukutana naye, yule wa dirishani anayekutupia kadi bila kukuangalia. Kwa hiyo ukimaliza zamu zako za kwanza za wodini ukaona kila asubuhi tumbo linakukata, si woga wa ugeni, woga wa ugeni unaisha wiki mbili tatu, ila kama ni kinyaa cha watu wenyewe, niandikie kabla ya karo ya muhula mwingine haijalipwa. Tutakaa na baba na kaka kwenye simu. Kuondoka mapema si aibu na ni bei rahisi. Ila sidhani. Mtu wa miezi saba ya kidonda cha sukari, sidhani.

Kwa baba, usimwambie "mi napenda kushona". Neno kupenda kwa wazee wetu ni neno la mchezo, analisikia kama umesema napenda soda. Mwonyeshe daftari. Mwambie, "Baba, naenda chuo kama ulivyosema, na hii mashine ya mama yako ndo itanilipia mwaka wa tatu mkataba wa kaka ukiisha." Akikuambia ushonaji ni kazi ya waliofeli, mkumbushe taratibu kwamba Makerere hiyohiyo tunayoiimba, 1922 ilianza na wanafunzi 14 wanaosoma useremala, ujenzi na umakanika. Usimwambie kwa kumshinda lakini. Mwambie ukiwa unamimina chai.

Jambo la mwisho la mashine, manake umesema utaiacha kwa binamu zako ukienda hosteli. Usithubutu. Watoto watakanyaga bila kitambaa, watavunja sindano, watapoteza ile boti ndogo ya chini na siku hizi kuipata ya zamani ni kazi. Kichwa cha Singer kinatoka kwenye meza yake, kuna skrubu mbili nyuma kwenye bawaba, unalegeza tu unanyanyua. Mwambie fundi mashine yeyote pale mjini akuwekee mkono wa kuzungushia kwenye gurudumu, aangalie kwanza kama gurudumu lako lina nafasi ya kushikia huo mkono, kama halina anakubadilishia. Meza iache kwa baba aweke redio yake. Kichwa kiweke kwenye sanduku la mbao, kizungushie shuka, ukipakie kwenye taksi miguuni kwako, usikubali konda akitupe nyuma na magunia, na ukifika kitie mafuta kwanza kabla hujashona chochote.